Ghuba ya Burton, au kwa nini Baraka haina mnara



Kila likizo naona picha za wenzetu. Mmoja amesimama mbele ya nyumba za zamani za Bukavu, mwingine yuko stesheni ya Kigoma, mwingine Kalemie mbele ya majengo ya reli. Na chini ya picha lazima mutu mmoja aandike kwamba sisi wa Fizi hatuna kitu cha kuonyesha. Hilo neno limenisumbua sana. Mimi nimesoma historia, na siku moja nikasema wacha nizunguke ziwa letu nione kwa macho: kutoka Baraka kwa boti hadi Kigoma, Ujiji, kisha Kalemie, na kurudi nyumbani, halafu kupanda Fizi. Sikuwa na pesa ya utalii. Nilikuwa na begi, daftari, na ndugu wa kunilaza kila ninapofika.

Nimerudi na jibu moja: kwetu kuna vitu vya kuona, ila ni vya aina nyingine. Na ile tofauti kati ya miji yenye minara na miji yetu, haikuja kwa bahati.

Tuanze na ramani. Chukua ramani ya zamani ya Ziwa Tanganyika, tazama upande wetu. Utaona rasi ndefu ya Ubwari, na kati ya Ubwari na nchi kavu kuna maji yaliyotulia. Baraka iko pwani ya maji hayo. Sisi tunasema tu ziwani. Wazungu waliandika "Ghuba ya Burton".

Burton ni nani? Richard Burton, Muingereza, alifika Ujiji Februari 1858 pamoja na John Speke. Mwezi wa Aprili wakachukua mitumbwi kwenda kaskazini, wakitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani ao unaingia, kwa sababu Ulaya ilikuwa inagombania chanzo cha Nile. Njiani wakavuka wakatua Ubwari. Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Mutoto yeyote wa Baraka mwenye mjomba kule Ubwari anaweza kukuambia kwamba siyo kisiwa, maana anaenda kwa miguu. Kisha wakafika Uvira, wenyeji wakawaambia kwamba Rusizi inaingia ziwani, na wakageuza bila kuona mdomo wa mto kwa macho yao. Kwa safari hiyo, ghuba yetu ikapata jina la mutu aliyepita siku chache.

Pamoja nao alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mutoto akapelekwa India, akarudi Afrika mutu mzima. Yeye ndiye alikuwa anaongea na watu na kupanga safari. Baadaye alitembea na Stanley, kisha akavuka Afrika nzima na Cameron. Sijaona ghuba yenye jina la Bombay kwenye ziwa hili.

Sasa jina "Baraka" lenyewe. Siyo Kibembe. Ni neno lililokuja na Kiswahili, na Kiswahili kililipata kwa Kiarabu. Kwa hiyo jina la muji linakuambia nani alipita kabla ya Mubeleji: Waarabu na Waswahili wa pwani, waliokuwa na makao Ujiji na walikuwa wanavuka ziwa kwenda Manyema kutafuta pembe za tembo na watu. Mkubwa wao upande wa ziwa alikuwa Muhammad bin Khalfan, yule tunayemwita Rumaliza. Biashara yao ilimaliza vijiji. Lakini walituachia lugha hii ambayo naandika sasa na nyie munasoma. Ukitafuta alama kubwa kuliko zote ya zamani zile hapa Fizi, usitafute jiwe. Iko mdomoni mwako.

Kuvuka kwenda Kigoma siyo safari ya mchezo. Boti za mbao zinajaza watu, mafuta ya mawese, ndagala, magodoro, na upepo wa ziwa hauna rafiki. Wengi wetu tunaijua njia hiyo kwa sababu nyingine: 1996 wazazi wetu waliivuka wakikimbia vita, na wakaishia kambi ya Nyarugusu. Kuna wasomi wa ukurasa huu waliozaliwa kule. Kwa hiyo mutu wa Fizi akifika Kigoma haangalii kama mtalii. Anaangalia mahali mama yake alishukia.

Ujiji ni karibu tu na Kigoma mjini. Pale kuna makumbusho, mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika, na miembe inayosemekana ni wajukuu wa ule mwembe ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ndani kuna sanamu mbili, wazungu wawili wanavua kofia wakisalimiana. Nilicheka kidogo, maana zimetengenezwa kwa namna ambayo mutoto wa shule angeweza kufanya. Lakini watu wanatoka mbali kuziona, wanalipa, na kijana anayewatembeza anapata mkate wake. Wachache wanajua kwamba baada ya kukutana, hao wawili walipanda mtumbwi kwenda kaskazini wakaona kwa macho kwamba Rusizi inaingia ziwani, jambo ambalo wenyeji walikuwa wameshamwambia Burton miaka kumi na mitatu mbele.

Kitu kilichonigusa Ujiji ni kingine. Njia ya watumwa na pembe kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, Tanzania waliiandikisha UNESCO kwenye orodha ya awali mwaka 2006. Vizuri sana, ni kazi ya maana. Lakini nilisimama pale pwani nikatazama upande wa pili, ambapo hewa ikiwa safi milima yetu inaonekana, nikajiuliza: hii njia inaanzia Ujiji kwa nini? Wale watu hawakuota kama uyoga kwenye mchanga wa Ujiji. Wengi walifika pale wamefungwa ndani ya mitumbwi, wametoka Manyema, Ubwari, na pwani yetu yote. Upande wa mashariki ndio ulioandikwa. Upande waliotoka watu hauna hata kibao cha mbao.

Kigoma yenyewe ni muji wa reli. Wajerumani walijenga njia ya treni kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1914 ikafika ziwani, miezi michache kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Stesheni yao bado inasimama, nyeupe, ya gorofa, inaangalia bandari. Kuna pia ile nyumba wanaita ya Kaiser, na wanakuambia ilijengwa kumsubiri mfalme wao ambaye hakuja. Halafu kuna meli. Ilijengwa Papenburg huko Ujerumani ikaitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikawekwa ndani ya masanduku, ikaletwa kwa meli na treni, ikaunganishwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiipate. Waingereza wakaitoa chini ya maji mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina Liemba. Ni meli hiyohiyo ambayo HCR iliitumia mwaka 1997 kurudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi upande wa Kongo. Basi kuna wazee wetu waliorudi nyumbani ndani ya meli ya vita ya Kaiser, wamekaa juu ya mabunda yao, na hakuna aliyewaambia.

Lakini kama unataka kuelewa kwa nini Baraka ni Baraka, muji wa kutembelea ni Kalemie.

Kapiteni Alphonse Jacques, Mubeleji, alijenga ngome kule Desemba 1891, akaiita Albertville, kwa jina la mwana wa ukoo wa kifalme, Albert, ambaye baadaye mwaka 1909 akawa mfalme. Neno lililotangazwa Ulaya lilikuwa kupigana na biashara ya utumwa. Na kweli walipigana: mwaka 1892 watu wa Rumaliza waliizunguka ngome, na 1894 nguvu ya Rumaliza ikavunjika. Ila tusiwe watoto. Waliomfukuza mwenye kuuza watu walibaki na nchi, na baada ya muda mfupi waliokuwa wanabeba pembe kwa nguvu za Mwarabu wakaanza kubeba pembe na mpira kwa nguvu za Bulamatari. Jacques leo ana sanamu yake katikati ya muji wa Diksmuide huko Ubeleji.

Kusini ya Kalemie kuna Mpala. Émile Storms, afisa wa ile Shirika la Kimataifa la Afrika la mfalme Leopold, alijenga kituo pale mwaka 1883. Desemba 1884 watu wake walimvamia chifu wa Watabwa, Lusinga, wakamuua, wakamkata kichwa. Storms akasafirisha fuvu hadi Ubeleji. Mpaka leo mifupa ya Lusinga imehifadhiwa Brussels, kwenye taasisi ya sayansi ya asili, na sanamu ya mbao iliyochukuliwa kwake iko Tervuren. Storms alikuwa na sanamu yake pia, Ixelles, ndani ya Brussels, na iliondolewa mwaka 2022, mwaka uleule jino la Lumumba liliporudi nyumbani. Sanamu ya aliyekata kichwa imetoka barabarani. Kichwa chenyewe hakijarudi. Ukienda Kalemie na ukauliza habari za "muji wa kihistoria" bila kuuliza habari za Lusinga, umetembea bule.

Basi, kwa nini Kalemie ina majengo ya matofali, maofisi ya reli, bandari yenye korongo, na kile kilichokuwa kiwanda kikubwa cha nguo cha Filtisaf, na Baraka haina? Jibu linaitwa Lukuga. Huo ndio mto unaotoa maji ya ziwa kuelekea mto Kongo. Kampuni ya reli ya Wabeleji, CFL, ikafuata bonde lake, ikajenga kilomita 273 kutoka Kabalo, na 1915 treni ikafika ziwani. Kuanzia hapo kila kitu cha thamani kilikuwa na njia moja: kivuke ziwa kati ya Kalemie na Kigoma, kipande treni. Na ndiyo maana vita vya ziwa vilipiganwa pale. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wajerumani ilipiga bandari ya Lukuga. Waingereza wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town: kwa treni hadi Katanga, halafu zikavutwa porini kwa mashine, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu wetu, kisha kwa mto Lualaba, kisha treni tena. Desemba 26, 1915, zikateka meli ya Kijerumani Kingani. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya kamanda wao mwenye vituko. Juu ya waliozivuta porini, karibu hakuna. Na mwaka 1916 jeshi la Wabeleji lilipoteremka hadi Tabora, wapagazi walikuwa zaidi ya laki mbili. Hesabu tu: wapagazi wengi kuliko askari mara nyingi.

Sasa rudi na mimi Baraka. Reli haikutufikia, bandari kubwa haikutufikia. Wabeleji walitaka nini hapa? Pamba.

Tangu mwaka 1917 serikali ya koloni ilikuwa na amri ya kulimisha watu mazao kwa lazima. Mwaka 1921 sheria ikagawa nchi kwa kampuni za pamba: ukikaa ndani ya eneo la kampuni fulani, unauzia hiyo peke yake, kwa bei isiyokuuliza. Mwaka 1933 wakaweka siku 60 kwa mwaka za kazi ya lazima. Agronomu anapima shamba, kapita anahesabu mistari, asiyepalilia anaonja fimbo ao anaingia gerezani. Pamba inachambuliwa, inafungwa mabunda, inaenda ziwani, na hapo ndipo inaingia kwenye ile njia ya Kalemie.

Kwa hiyo alama ya ukoloni ya Baraka siyo kasri wala stesheni. Ilikuwa kiwanda cha kufunga pamba. Na shahidi mmoja wa kiwanda hicho ni mutu ambaye hamungemtegemea: Che Guevara. Alivuka kutoka Kigoma Aprili 1965 kuja kusaidia wapiganaji wetu, wakampa jina Tatu, na alipopita Baraka aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba muji unaonyesha dalili za utajiri wa zamani, una hata kiwanda cha mabunda ya pamba, lakini vita imemaliza watu na kiwanda kimepigwa mabomu. Mwishoni wa Septemba mwaka huo askari wa kukodiwa wa Mike Hoare wakashuka kwa boti hapo pwani, na mapigano ya Baraka yalikuwa makali. Baada ya hapo vita havikuhesabika: 1996, 1998, na vingine munavijua kuliko mimi.

Niliongea na muzee mmoja wa kwetu, aliyekuwa kijana wakati wa uhuru. Nikamuuliza, "Baba, pamba ilikuwa namna gani?" Akanitazama akauliza kwanza kama nimetumwa na shirika. Nilipomhakikishia kwamba hapana, akaniambia juu ya baba yake: vile walikuwa wanaogopa siku ya kupima kuliko siku ya kulima, na vile shati la kwanza la familia lilinunuliwa kwa pesa ya ndagala, siyo ya pamba. "Mwanangu, tulilima nguo za watu wengine," akasema. Nikaandika. Watu wa umri wake Baraka nzima sijui tunaweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono mingapi.

Mutu anayesema kwetu hakuna kitu anatafuta jengo. Lakini pamba haikuacha majengo kwa sababu haikukusudiwa kuacha kitu. Kalemie ilijengwa ili watu wa reli wakae. Bukavu, walioiita Costermansville, ilijengwa kwenye zile rasi za Kivu ili wazungu waishi vizuri na hewa ya baridi. Baraka ilikuwa mahali pa kupakia. Mzigo ukishaondoka, pwani inabaki pwani. Barabara ya kutoka Uvira, kwa Makobola, Mboko, Nundu, Lusenda hadi kwetu, ile tunayolalamikia mashimo kila mvua, hiyo nayo ni alama: tazama vile vijiji vimejipanga kwenye mstari pembeni yake. Koloni ilipenda vijiji vikae barabarani, mahali pa kuhesabika kwa kodi na kwa kazi.

Siku ya mwisho nilipanda Fizi. Pikipiki inaacha ziwa, inaacha joto, milima inafunguka, na unaanza kuelewa kwa nini makao ya teritwari yalikaa juu huku wakati watu wengi na biashara viko chini. Wabeleji walipenda milima, hiyo inajulikana. Mwanzo wa karne ya 20 malale ilikuwa inaua watu pwani ya ziwa hili. Lakini kuna sababu nyingine pia. Ukisimama Fizi uko mlangoni mwa nchi ya Wabembe, na administrata aliyetaka kodi na pamba za Wabembe hangeweza kukaa pwani akisubiri. Ilikuwa lazima apande awafuate.

Che naye aliiona Fizi mwaka ule, na aliiona ndogo. Ndogo ni kweli. Lakini milima hiyohiyo iliyowekwa administrata ili iangaliwe, ndiyo baadaye ilishinda kuangaliwa. Fizi ilichukuliwa na jeshi Oktoba 1965, na Che akaondoka Novemba. Laurent-Désiré Kabila akabaki na watu wake, Desemba 1967 akaanzisha PRP, na Hewa Bora ikawa makao yake huku juu kwa miaka mingi, serikali ya Mobutu ikijua yupo na ikishindwa kumtoa. Mwaka 1975 watu wake walivuka ziwa wakateka vijana wanne, watatu wao wanafunzi wa Stanford, waliokuwa wanachunguza sokwe Gombe, karibu na Kigoma, wakawaleta upande huu. Njia ileile ya mitumbwi, sasa kwa kinyume.

Nikiwa Fizi niliuliza vijana wa shule, wanafunzi wa mwaka wa sita, nyumba gani ni ya zamani kuliko zote pale. Walibishana sana. Mmoja akasema nyumba ya serikali, mwingine ya misioni, wa tatu akasema hakuna hata moja, zote zimechomwa zikajengwa tena. Tukaenda kutazama pamoja, kuta kwa kuta, tukigusa matofali na kuuliza wenyewe. Kufikia jioni tulikuwa na kurasa nne za daftari: nani aliishi wapi, jiwe gani lilitoka nyumba gani, mwembe upi ulipandwa na nani. Daftari nimewaachia. Wamesema watateremka Baraka likizo ijayo, watafute mahali kiwanda cha pamba kilikuwa.